Ekstenali bila waya nyumbani: waya utabaki, we chagua tu uchomekwe wapi

Swali limetoka kwa msomaji anayepiga picha na video za harusi, nimelifupisha kidogo:

"Kaka naomba unisaidie. Nina desktopu ya Windows 11 chumbani na ekstenali ya 2TB, humo ndo kuna kazi zangu zote. Mke wangu ana laptopu na yeye ndo anachagua picha za albamu, kwahiyo kila siku ni kuchomoa na kuchomeka mpaka poti ya ekstenali imeanza kulegea, ukiigusa tu inajitoa. Sebuleni kuna rauta tuliyopewa na kampuni ya intaneti, ina poti ya USB ubavuni. Naweza kuiunganisha hii ekstenali kwa waifai tukaitumia wote? Itakula bando? Na kama kuna kifaa cha kununua niambie kipi."

Ndugu yangu, inawezekana, na huenda usinunue kifaa chochote cha waifai. Ila kabla hatujafika huko kuna kitu kwenye maelezo yako kimenishtua kuliko vyote, umesema poti imeanza kulegea na humo ndo kuna kazi zako zote. Tuanzie hapo. Diski ikikatika wakati inaandikwa, faili lililokuwa linaandikwa linaharibika, na ikitokea kilichokuwa kinaandikwa ni lile jedwali lenyewe linaloiambia kompyuta nini kimekaa wapi, ndo unaanza kuona Windows inakwambia diski inatakiwa kufomatiwa wakati jana yake ilikuwa nzima kabisa. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, baadhi ya hizi ekstenali ndogo za inchi 2.5 poti ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye saketi ya diski, ndani hamna poti ya SATA (ile ya kawaida ya kuunganishia diski), kwahiyo ikivunjika huwezi kusema utaifungua uiweke kwenye kava lingine, hapo unatafuta fundi mwenye mkono wa kuchomelea vitu vidogo sana na bei yake utaisikia.

Kwahiyo kitu cha kwanza kununua ni diski ya pili ya 2TB au zaidi, unakopi kila kitu kwa waya, ekstenali imelala mezani haiguswi, mpaka iishe. Kama diski imejaa tenga masaa sita mpaka nane, iache usiku kucha na uzime ile setingi ya kompyuta kulala. Picha za harusi ya mtu hazipigwi mara ya pili. Ukishakuwa na kopi mbili tuendelee, manake yote ninayoeleza chini ni ya starehe na urahisi, hilo la kwanza ndo la lazima.

Sasa waifai. Ekstenali yako haina redio ndani, ni diski na saketi ya USB basi, kwahiyo hata tufanye nini lazima ichomekwe kwa waya kwenye kitu fulani ambacho kinawaka muda wote, na hicho kitu ndo kitakachoigawa kwa wengine kwa waifai. Unachochagua we ni hicho kitu kiwe nini. Kwa nyumba yako naona vitatu: rauta ya sebuleni, desktopu yako mwenyewe, au kompyuta nyingine ya zamani uifanye seva. Watu watakutajia na vingine. Kulikuwa na teknolojia ya USB bila waya kabisa, ilitoka 2005, ikiahidi megabiti 480 kwa sekunde ukiwa mita tatu na 110 ukiwa mita kumi, ikafa, haikushika sokoni, usiitafute. Kuna diski zenye waifai na betri ndani, WD walitoa My Passport Wireless na Seagate walikuwa na Wireless Plus, zile zilifaa kwa mpiga picha akiwa porini anataka kumwaga kadi ya kamera bila laptopu, kwa nyumbani hazikusaidii kitu ambacho rauta haifanyi. Na bluetuthi usiifikirie hata kidogo, harusi moja ya gigabaiti 60 ingekuchukua zaidi ya siku mbili.

Bando kwanza nilimalize haraka. Halili. Faili likitoka kwenye ekstenali kwenda kwenye laptopu ya shemeji linapita ndani ya nyumba tu, linaingia kwenye rauta linatoka, halitoki nje kwenda intaneti. Hata intaneti ikikatwa au malipo yakiisha, kushea kunaendelea kama kawaida ilimradi rauta inawaka. Tahadhari ni moja tu, kama laptopu ina OneDrive au Google ya kuhifadhi picha na imewekewa kupandisha folda fulani, halafu mkawa mnakopi kazi kwenye folda hiyo, hapo ndo bando litaondoka na mtailaumu ekstenali bure.

Turudi kwenye rauta, manake ndo njia rahisi ya kujaribu na haina gharama. Usijaribu na diski yenye kazi zako, jaribu na fleshi kwanza. Chomeka fleshi kwenye poti ya rauta, fungua kivinjari, andika namba ya rauta ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ipo kwenye stika chini ya rauta pamoja na jina na paswedi ya kuingilia, kisha tafuta sehemu inayotaja USB au storage. Ukiiona fleshi imeorodheshwa pale na ukubwa wake ni dalili nzuri. Washa kushea, weka jina na paswedi yako, kisha kwenye desktopu fungua Faili Eksplora na juu kabisa kwenye anwani andika mikwaju miwili ya kurudi nyuma na namba ya rauta, yaani \\192.168.1.1, bonyeza enta. Folda ikifunguka umefaulu.

Isipofunguka usikate tamaa wala usianze kufuata kila video ya mtandaoni, manake hapa ndo watu wanajiharibia. Kushea faili kwenye Windows kunatumia lugha inayoitwa SMB, na toleo lake la kwanza, SMB1, ni la miaka mingi sana. Mei 2017 ile virusi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye SMB1, mpaka hospitali za Uingereza zikasimamisha huduma. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo huo Microsoft wakaanza kuiondoa kwenye Windows. Sasa rauta nyingi za bei nafuu, na nyingi za kupewa na kampuni za intaneti, programu yake ya kushea bado ni SMB1 tu. Kwahiyo rauta inaongea lugha ambayo Windows 11 yako imeacha kuiongea, na kule mtandaoni utakuta mtu anakuelekeza uiwashe SMB1 tena. Usiiwashe. We ni mtu wa kazi, unapokea fleshi za wateja, za MC, za DJ, kompyuta yako inakutana na kila aina ya uchafu, sio ya kuiachia mlango ule wazi.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo lakini yenyewe inatibika vizuri. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka 2024, kama ni ile aina ya Pro haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni bila paswedi, inakwambia sera za usalama za taasisi yako zimezuia, na watu wanashangaa taasisi gani wakati kompyuta ni ya nyumbani. Dawa yake ni kuweka jina na paswedi kwenye rauta badala ya kuacha wazi kwa kila mtu, ambavyo ndivyo ilitakiwa tangu mwanzo. Hiyo Pro pia inadai kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachotumwa, iwe na saini ya kidijitali, na rauta nyingine hazina uwezo huo, ukikwama hapo baada ya kuweka paswedi basi jua rauta imekushinda, nenda njia ya desktopu nitakayoeleza.

Kama fleshi imekubali, ndo ujaribu diski, ile ya kopi. Sikiliza kwa makini ikichomekwa. Poti ya USB 2.0 kwa utaratibu inatoa miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900, na diski ya kuzunguka inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampia nzima. Umeme usipotosha utasikia inaanza kuzunguka, inatoa tik, inanyamaza, inaanza tena, tik, na taa yake inawaka na kuzima. Chomoa mara moja, usiiache ikihangaika hivyo dakika nzima, vichwa vya kusomea vinaumia. Ikiwa hivyo utahitaji habu ya USB yenye adapta yake ya umeme ikae katikati. Angalia pia adapta ya rauta yenyewe, nyingi ni volti 12 ampia 1, hiyo ni wati 12 kwa kila kitu, na diski ikiongeza wati tano juu yake rauta inaweza kuwa inajizima na kujiwasha na we ukadhani ni intaneti inasumbua.

Halafu fomati, yaani namna diski inavyopangwa kuhifadhi faili. Rauta nyingi za zamani hazisomi exFAT, manake Microsoft waliachia maelezo yake hadharani 2019 tu, kabla ya hapo watengenezaji wengi waliikwepa. FAT32 inasomeka kila mahali lakini haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na video yako moja ya ukumbini inazidi hapo. Kwahiyo kwa kazi yako ni NTFS. Rauta ikikuomba iifomati diski, kataa, baadhi zinaiweka kwenye mfumo wa Linux na siku ukiirudisha kwenye Windows haitasomeka.

Sasa tuseme yote yamekubali. Spidi utakayopata inategemea kitu dhaifu kuliko vyote njiani, na mara nyingi kitu hicho ni prosesa ya rauta, siyo waifai wala diski. Kwanza tukumbuke mtandao unahesabiwa kwa megabiti na faili linahesabiwa kwa megabaiti, biti nane ndo baiti moja, kwahiyo ukiona imeandikwa 300 gawanya kwa nane, halafu toa karibu nusu kwa mambo ya hewani. Chukua harusi yako ya gigabaiti 60. Ekstenali ikichomekwa kwa waya wa USB 3.0 kwenye desktopu inasoma kama megabaiti 110 kwa sekunde, ni dakika tisa hivi. Ikiwa kwenye rauta nzuri na laptopu iko kwenye waifai ya 5GHz chumba hicho hicho, tuseme megabaiti 20, ni dakika 50. Ikiwa kwenye waifai ya 2.4GHz na majirani wote wamejaa hapo, ukapata megabaiti sita, ni karibu masaa matatu. Kwa shemeji kufungua picha za JPEG moja moja na kuchagua za albamu hata hiyo ya sita inavumilika, kwa kumwaga harusi nzima haivumiliki.

Na hapa kuna kitu kimoja kinawachanganya hata mafundi. USB 3.0 ikiwa inafanya kazi inatoa kelele za redio zinazoangukia hapo hapo kwenye 2.4GHz, Intel walichapisha maelezo yake 2012 na vipimo. Kwahiyo mtu anachomeka ekstenali kwenye rauta, waifai ya nyumba nzima inakuwa dhaifu, anaita kampuni ya intaneti wanabadilisha rauta, tatizo linarudi. Tumia waya mfupi lakini usiilaze diski juu ya rauta wala karibu na antena, isogeze kama urefu wa mkono, tumia waya wenye kinga nzuri, na vifaa vyote vinavyoweza vihamishie 5GHz. Kama rauta ina setingi ya kuishusha ile poti ya USB iwe 2.0, ishushe, hutapoteza kitu manake rauta yenyewe haikuwa inafika huko.

Lakini kusema kweli kwa mtu wa kazi yako mi nisingeiweka ekstenali kwenye rauta. Ningeiacha kwenye desktopu, ikae pale kwa waya moja kwa moja na isichomolewe tena, halafu desktopu ndo iwe inaigawa. We unayefanya kazi nzito ya kuediti unapata spidi yote ya waya, na shemeji anayefungua na kuchagua anapata waifai. Ukiiweka kwenye rauta we ndo unaumia ili yeye arahisishiwe, wakati anaweza kurahisishiwa bila we kuumia.

Inafanyika hivi. Kwenye setingi za mtandao hakikisha waifai au kebo yako imewekwa kuwa mtandao binafsi, siyo wa hadharani, hapo peke yake ndo wengi wanakwama. Fungua akaunti ya pili kwenye desktopu kwa ajili ya shemeji, yenye paswedi. Kisha nenda kwenye ekstenali, usishee diski nzima, shea folda moja tu, tuseme ALBAMU, bonyeza kulia, properti, kisha sehemu ya kushea, mwongeze yeye. Kwenye laptopu yake ataandika \\ na jina la desktopu yako, ataingiza ile akaunti, halafu abonyeze "Map network drive" achague herufi kama Z, kuanzia siku hiyo ataiona kwenye kompyuta yake kama diski ya kawaida. Jina likigoma tumia namba ya IP, yaani namba ambayo rauta imeipa desktopu, ila ingia kwenye rauta uifunge namba hiyo kwa desktopu yako, bila hivyo siku umeme ukirudi itabadilika na Z haitafunguka.

Kitu kinachobadilisha kila kitu hapa ni kebo ya mtandao kutoka desktopu mpaka rauta. Zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila faili linapita hewani mara mbili, kutoka kwako kwenda rauta, kutoka rauta kwenda kwake, spidi inagawanyika. Vuta Cat 5e au Cat 6 kupitia juu ya dari, kisha angalia kwenye Windows kiungo kinasoma spidi ya megabiti ngapi. Kikisoma 100 badala ya 1000, mara nyingi ni fundi ameminya waya nne tu kati ya nane kwenye kile kichwa, au umechomeka kwenye poti ya rauta ambayo yenyewe ni ya 100, kuna rauta poti moja tu ndo ya gigabiti, yaani ile ya 1000. Ile ya 100 inakupa megabaiti 11 au 12 na haiongezeki hata ununue waifai ya bei gani.

Kasoro ya njia hii ni kwamba desktopu lazima iwe inawaka. Kama hutaki, ndo pale kompyuta ya zamani inapokuja, laptopu iliyokufa kioo ni nzuri sana kwa hili, inakula umeme kidogo na betri yake kama bado ina uhai inakuwa ndo UPS yake, yaani akiba ya umeme ukikatika. Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo cha bodi moja, nayo inaweza, ina poti ya mtandao ya gigabiti ya kweli na USB 3.0, zile za kabla yake usinunue kwa kazi hii.

Kuna mambo mawili ya matumizi nakuomba sana uyashike. La kwanza, faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la takataka. Linapotea hapo hapo. Shemeji akiteleza kidole kwenye folda ya harusi ya mtu hakuna pa kuliokota, kwahiyo folda za kazi mbichi mpe ruhusa ya kusoma tu, na umtengenezee folda nyingine ya kuandika ambamo anaweka picha alizochagua. La pili, kama unatumia Lightroom Classic, ile programu ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, katalogi yake (faili linalotunza orodha ya picha na marekebisho) haifunguki ikiwa kwenye diski ya mtandao, Adobe hawaruhusu, picha zinaweza kukaa kule ila katalogi ibaki kwenye diski ya ndani. Na video usiediti moja kwa moja kupitia waifai hata siku ukiona inacheza vizuri, kopi kwanza, editi, kisha rudisha.

Kuhusu kuifungua mpaka uifikie ukiwa nje ya nyumba, utakuta kwenye rauta kuna kitufe cha kuruhusu FTP (njia ya kuhamisha faili) kutoka intaneti, kiache kimezimwa. Juni 2021 watu wenye diski za mtandao za WD My Book Live, ambazo programu yake haikuwa imepata apdeti tangu 2015, waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa, mtu alizifikia kupitia intaneti akaziamuru zirudi kwenye hali ya kiwandani. Kwa mteja aliye mbali mtumie kiungo cha kupakua, usimfungulie nyumba.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, yale ya jedwali la diski niliyosema mwanzo yanatokea bila poti kulegea. Desktopu ipe UPS hata ndogo ya kukupa dakika tano za kuzima vizuri. TV ya sebuleni kama ni Android weka VLC, ingia sehemu ya mtandao wa nyumbani, itaiona ile folda uliyoshea na itacheza bila shida.

Kwahiyo dukani ni diski ya pili, kebo ya Cat 6, na waya mpya wa ekstenali, manake saa nyingine kinacholegea ni kichwa cha waya na siyo poti. Kifaa cha waifai usinunue bado. Ukitaka kujaribu na rauta nitumie modeli iliyoandikwa kwenye stika ya chini, lakini ficha paswedi kabla ya kupiga picha.